Nilivyopewa Shairi Nikalipokea

Kwa heshima na taadhima, mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili, wakubwa kwa wadogo, walionunua nakala zao na wanaosomea begani kwa wenzao, natangaza rasmi kwamba Alhamisi iliyopita mimi, Turaj mwana wa Gholamreza, mwanafunzi wa bweni, nilitawazwa kuwa mshairi wa mji wa Birjand.

Ushairi wangu ulikufa kabla chai haijapoa.

Kwa mliokosa toleo lililopita kwa sababu mlifungiwa mboga ndani yake, mambo yalikuwa hivi. Nilibandika kwenye geti la shule tangazo la msiba, lenye ukingo mweusi kama yale yanayobandikwa kila ukuta wa mji: "Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha Adesi wa Jumatatu, aliyefia sufuriani baada ya kuugua kwa muda mrefu. Hitima itasomwa bwaloni." Jirani mmoja asiye na miwani akaleta halua. Mpishi wa hizo adesi, dengu zetu za kila Jumatatu, akalia. Bwana Vahdati, mwalimu wetu mkuu, hakulia.

"Una kalamu, Turaj," aliniambia. "Vizuri sana. Alhamisi utaipeleka kwenye Anjumani. Utasoma shairi lako mwenyewe mbele ya Ustadh Nezam. Akilipokea, unabaki bweni. Akilikataa, nampigia baba yako simu aje na pikapu, akuchukue wewe na godoro lako."

"Na akinyamaza, Mwalimu?"

"Ustadh Nezam hajawahi kunyamaza."

Mjue pia kwamba huu ni msimu wa zafarani. Anayerudishwa kijijini kwetu msimu huu huketishwa na shangazi zake kuzunguka rundo la maua, achambue nyuzi nyekundu mpaka vidole viwe vya manjano. Shangazi zangu huongea wote kwa pamoja, na kila mmoja anataka jibu.

Sasa hiyo Anjumani ya washairi. Hukutana katika ukumbi wa maktaba kila Alhamisi alasiri, na Bwana Vahdati ndiye mwenyekiti. Mtu husimama akasoma shairi lake. Kisha huenda kukaa kwenye kigoda kando ya samawari ya chai, akafunga mdomo, na wenzake wakaanza kulichambua. Kujitetea hakuruhusiwi. Hata kuku huruhusiwa kupiga kelele anapochinjwa, lakini mshairi wa Birjand haruhusiwi. Wa mwisho kusema huwa Ustadh Nezam, na baada yake hakuna rufaa.

Ilipofika Alhamisi, shairi langu lilikuwa na maneno mawili.

"Ewe mwezi," nilimsomea Arsalan, mwenzangu wa kitanda cha juu.

"Endelea."

"Limeishia hapo."

"Ni fupi. Lakini angalau halina makosa mengi."

Arsalan alinisindikiza. Alisema anakwenda kama ndugu. Nilipomwona amejaza mfuko mbegu za maboga za kutafuna, nikajua anakwenda kama mtazamaji.

Tulifika mapema. Ukumbini alikuwamo mtu mmoja tu, Bi Mahrokh, mwalimu mstaafu aliyewafundisha hesabu nusu ya akina mama wa mji huu. Alikaa kando ya samawari, amekumbatia mkoba wake, midomo inacheza.

"Salaam, Bi Mahrokh. Unasali?"

"Ningekuwa nasali ningekuwa nimetulia. Nakariri shairi." Akanitazama vizuri. "Wewe ndiye uliyemuua adesi?"

"Mungu amrehemu."

Akacheka, akavuta kiti. "Kaa hapa, mwanangu. Natafuta sikio la mtu asiyejua kitu."

"Umelipata," akasema Arsalan.

Basi akatueleza. Alikuwa hajasoma shairi humu tangu mwaka aliofariki mama yake. Mwaka huo alisoma shairi la kumlilia, na kaka yake mwenyewe akasimama mbele za watu akasema shairi ni zuri, ila mama anayeimbwa humo yeye hamjui. Tangu hapo wanasalimiana kwa vichwa tu, kama watu wa mitaa miwili.

"Kaka yako ndiye nani?" nikauliza.

"Nezam."

Arsalan akameza mbegu na ganda lake.

"Alipokwenda Tehran kusoma, mama alikasirika," Bi Mahrokh akaendelea. "Hakutoka hata mlangoni kumuaga. Basi Nezam akaamini mama amemfuta, na anaamini hivyo mpaka leo. Mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa nafumua lihafu kila masika, lile kubwa la kufunika meza ya makaa tuliyoizunguka kuota moto, ili pamba ipigwe upya. Na kila masika nilikuta kunazi kavu zimeshonewa pindoni, upande aliokuwa akikaa Nezam. Alikuwa na kifua kibovu, na kunazi ndizo zilizokuwa dawa yake. Mama alimwekea kila kipupwe, hata alipoacha kabisa kuja."

"Na hukumwambia?"

"Kwa mdomo nimeshindwa. Kesho mwanawe anampeleka Mashhad akaishi huko. Akitoka kwenye ule mlango leo, ndiyo basi. Kwa hiyo nimeliweka kwenye shairi. Sikilizeni."

Akasoma kwa sauti ya chini, bila madoido:

*Theluji yashuka tena, paani kwetu nyumbani,*
*wa kufagia hayupo, amelala kaburini.*

*Makaa yakififia, huyapuliza gizani,*
*nasi watoto twadhani, moto huishi jikoni.*

*Kunazi za kikohozi, alizishona pindoni,*
*upande wa msafiri, asiyerejea ndani.*

Haya yote niliyasikia. Sitaki mtu aje aseme kijana wa watu hakuambiwa. Niliyasikia kama mwenye njaa anavyosikia hotuba ya Ijumaa: maneno yote yalipita, na akilini mwangu kulikuwa na kitu kimoja tu, pikapu la baba.

"Zuri mno, Bi Mahrokh," nikasema. "Natamani lingekuwa langu."

Na yeye, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, akajibu, "Lako hilo, mwanangu. Halikustahili hata masikio yako."

Hapa nisimame kidogo. Kwetu, ukisifu shati la mtu, atakuambia, "Lako hilo." Nawe unasema, "Hapana, limekupendeza wewe." Anasisitiza, unakataa, anasisitiza, unakataa, mnaulizana hali za watoto, mnaachana. Tangu mji huu ujengwe, hakuna shati lililowahi kuhama kifua kwa njia hiyo.

Mimi nilisema, "Asante, Bi Mahrokh. Nimelipokea."

Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki.

Arsalan akaacha kutafuna.

"Umelipokea," Bi Mahrokh akasema polepole.

"Kwa mikono miwili. Na Arsalan ni shahidi."

"Mimi sikuona kitu," akasema Arsalan.

Bi Mahrokh alitazama mkoba wake. Angeweza kuniambia niache upuuzi. Lakini mtu wa heshima akishatoa kitu mbele ya shahidi hakidai tena. Afadhali adai jino lake kwa mbwa. Mwishowe akainua uso, na nikashangaa kuona kama mzigo umempungua.

"Labda ni heri," akasema. "Mimi mdomo ungetetemeka. Soma wewe. Lakini lisome lote, mwanangu, na ule ubeti wa kunazi uusome taratibu. Akiusikia, atajua."

"Atajua," nikaitikia.

Nikalikariri palepale. Kukariri ndicho kitu pekee shule ya bweni ilichonifundisha bila fimbo.

Ila nilipotoka nje kuvuta pumzi, yale maneno yake ya mwisho yakaanza kunikereketa. Akiusikia, atajua. Atajua nini? Atajua kwamba shairi hili limetoka nyumbani kwao, si kwetu. Ubeti wa kunazi ulikuwa na harufu ya lihafu la Ustadh mwenyewe. Ningeusoma, ningekamatwa nikiwa bado nimesimama.

"Nautoa," nikamwambia Arsalan.

"Unatoa nini?"

"Ubeti wa kunazi. Naweka mwingine."

"Turaj, shairi zima limeandikwa kwa ajili ya ubeti huo. Hata mimi nimeelewa, na mimi nilikuja kula mbegu."

"Wewe hutakwenda kuchambua zafarani na shangazi zangu."

"Shangazi zako wananipenda," akasema Arsalan, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kutunga.

Ukumbi ukajaa. Alikuja mwanamke mwenye duka la dawa, ambaye kila shairi huliuliza mpenzi yuko wapi. Alikuja mwalimu wa jiografia. Ustadh Nezam aliingia wa mwisho, mrefu, mkavu, koti jeusi mkononi. Alimwinamishia dada yake kichwa, naye dada akamwinamishia chake. Wakakaa mbali kadiri ukumbi ulivyoruhusu.

Bwana Vahdati akafungua kikao. Alisema leo tunamuaga Ustadh wetu, kwamba Mashhad imepata na Birjand imepoteza. Watu wakaguna kwa huzuni, wengine kwa nafuu. Kisha, kwa kuwa wanaoanza ndio hutangulia, akaniita mimi.

Nilisimama. Nilisoma ubeti wa kwanza, ukumbi ukatulia. Nilisoma wa pili, mwalimu wa jiografia akashusha bilauri yake ya chai. Nikapumua, nikatoa mali yangu:

*Bulibuli akalia, na mwezi kule angani,*
*nyota nazo zikalia, machozi tele mtoni.*

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilipokiinua, macho yangu yalikutana na ya Bi Mahrokh. Hakukasirika. Alikuwa anasubiri, kama mtu anayesubiri chenji. Akadhani ubeti wake bado unakuja.

Nikaenda kukaa kwenye kigoda.

Uchambuzi ukaanza. Mwenye duka la dawa alisema mkono ulioandika usiume, kama tunavyosema tukisifu, lakini mpenzi yuko wapi? Mwalimu wa jiografia alisema theluji ile ni ya kweli, ni ya upande wa kaskazini wa paa. Mtu mmoja nyuma akasema vijana wa leo wana huzuni nyingi kwa sababu hawali vizuri bweni. Bwana Vahdati akakohoa.

Ndipo Ustadh Nezam akavuta kiti mbele.

"Mkono ulioandika usiume," akaanza. Huanza hivyo daima, hata anapokwenda kuukata. "Ubeti wa kwanza nimeupenda. Wa pili nimeupenda zaidi, na mimi si mtu wa kupenda ovyo. Halafu akaja huyu bulibuli."

Watu wakaanza kutabasamu.

"Paa limejaa theluji. Makaa yanafifia. Na ndege wa masika yuko nje, analia. Ana haki ya kulia, maskini. Basi la kwenda kwenye joto limemwacha. Mpeni koti langu."

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa mdomo uliofungwa, kama kanuni inavyotaka.

"Mwezi unalia. Nyota zinalia. Mto umejaa machozi, na Birjand hii mto wenyewe tunao wakati wa mafuriko tu." Akangoja kicheko kiishe, kisha sauti yake ikabadilika. "Lakini sikilizeni. Aliyeandika beti mbili za mwanzo hakulia hata mara moja. Amepoteza mtu, na anachowaza ni nani atafagia paa. Mtu wa namna hiyo haamki ghafla akaliza nyota. Hapa pamefumuliwa, pakashonwa na mkono mwingine." Akanigeukia. "Kijana, hapa kulikuwa na nini?"

Nikaonesha mdomo wangu kwa kidole.

"Kanuni naijua, niliiandika mimi. Leo nimeivunja. Kulikuwa na nini?"

Nilimtazama Arsalan. Arsalan alikuwa anakagua dari. Nilimtazama Bi Mahrokh. Alikuwa ananitazama jinsi alivyokuwa akiwatazama watoto ubaoni: jibu unalijua, liseme.

Nikalisema.

*Kunazi za kikohozi, alizishona pindoni,*
*upande wa msafiri, asiyerejea ndani.*

Kicheko kilichokuwa kimebaki ukumbini kikaondoka chenyewe. Ustadh Nezam alivua miwani. Aliifuta kwa pindo la koti, akaisahau mkononi.

"Msafiri ni nani?" akauliza.

Wasomaji, jibu la kweli lilikuwa neno moja. Lilinifika mpaka kwenye meno. Lakini nyuma ya bega la Ustadh nilimwona Bwana Vahdati amekunja mikono, na nyuma ya Bwana Vahdati nililiona, wazi kabisa, pikapu la baba.

"Ni mimi, Ustadh," nikasema. "Mimi ndiye niliyekwenda bweni."

"Na aliyeshona?"

"Mama yangu."

Lilitoka laini kuliko nilivyotarajia. Hata Bwana Vahdati alilegeza mikono. Nikaanza kupumua.

Ndipo mwenye duka la dawa akaweka kiganja kifuani, akasema, "Mungu amrehemu."

Nilikuwa nimeusahau ubeti wa kwanza. Amelala kaburini.

"Amina," ukumbi ukaitikia. Mwalimu wa jiografia akainua mikono, wote wakainua mikono, na Fatiha ikaanza kusomwa. Ningefanya nini? Nami niliinua. Nilimsomea Fatiha mama yangu mzazi ambaye saa hiyo hiyo, kwa ninavyomjua, alikuwa anamfokea jogoo.

"Sikupata habari," Bwana Vahdati akaninong'oneza, uso umemshuka. "Lini, mwanangu?"

"Ilikuwa ghafla, Mwalimu."

"Na wewe ukajificha nyuma ya adesi. Uchungu una njia zake." Akanishika bega. Tangu nijiunge na shule ile, hajawahi kunishika bega bila kulikamata.

Ustadh Nezam alisimama. "Shairi limepokelewa," akasema. "Rudisha kunazi, mwachie bulibuli aende zake." Watu wakapiga makofi ya chini chini, ya msibani. Nilikuwa nimebaki bweni. Nilikuwa mshairi. Shangazi zangu wangechambua maua yao wenyewe.

Akaanza kuvaa koti. Mkono mmoja ukaingia, kisha akasita, akaniambia kwa sauti ambayo hakukusudia isikike mbali, ila ukumbi ulikuwa kimya.

"Nakuonea wivu, kijana. Mimi pia nilikuwa na kifua kibovu. Mimi pia nilipewa kunazi, mpaka siku niliyopanda basi la Tehran. Baada ya hapo hakuna aliyenishonea kitu."

Bi Mahrokh alifungua mdomo. Akaufunga. Shairi halikuwa lake tena; alikuwa amelitoa, na mimi nilikuwa nimesema asante. Aliukumbatia ule mkoba kana kwamba mtu anataka kumnyang'anya na huo pia.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilitazama samawari.

Ustadh akaanza kwenda mlangoni, mkono mmoja wa koti ukining'inia, akipeana mikono na kila mtu njiani. Na Bwana Vahdati, ambaye hajui kuacha jambo jema lipoe, akatoa simu mfukoni.

"Mwalimu, unampigia nani?"

"Baba yako. Ni wajibu wangu nimpe pole. Nitaweka sauti kubwa, na Anjumani nzima impe pole."

"Baba yuko shambani, Mwalimu. Hakuna mtandao. Hakuna umeme. Karibu hakuna shamba."

Simu ikaita. Ikapokelewa.

"Hallo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, na nyuma yake jogoo.

"Salaam, dada. Naitwa Vahdati, wa shule. Anjumani yote iko hapa pamoja nami. Poleni sana kwa msiba."

"Msiba gani, Mwalimu?"

"Wa mama yake Turaj."

Jogoo aliwika. Akafokewa.

"Mwalimu," sauti ikasema taratibu, "mama yake Turaj ni mimi."

Mikono iliyokuwa imeanza kuinuliwa tena kwa dua ilishuka mmoja mmoja.

"Amewaambia nimekufa?"

"Si kwa maneno hayo, dada. Alisoma shairi. Kuna kunazi, ulikuwa unamshonea kwenye lihafu, kwa ajili ya kikohozi..."

"Mimi? Huyo akikohoa namwambia anywe maji akalale. Lihafu gani? Sisi tunalalia mablanketi tangu hajazaliwa. Yuko hapo? Mpe simu. Mwalimu? Nipe huyo mtoto, nimfufukie."

Bwana Vahdati akazima simu. Alinitazama tu, na mkono wake ukarudi begani kwangu, safari hii kwa kazi yake ya siku zote.

"Kwanza adesi," akasema. "Sasa mama."

Watu wengine walianza kucheka, wengine wakasema astaghfirullah, na mwenye duka la dawa akataka kujua kama Fatiha yake inaweza kuhamishiwa kwa marehemu mwingine. Mimi nilikuwa simsikilizi hata mmoja wao. Nilikuwa natazama mlangoni.

Ustadh Nezam alikuwa amegeuka. Koti lilikuwa bado limevaliwa mkono mmoja. Alirudi hatua kwa hatua mpaka mbele ya kigoda, na watu wakampisha.

"Kama mama yako yu hai," akasema, "na kwenu hamna lihafu, aliyeshona kunazi ni nani?"

Nilitafuta uongo. Nawaapia nilitafuta, mfuko kwa mfuko. Siku zote huwa nao, kama Arsalan anavyokuwa na mbegu. Safari hii haukuwapo.

"Shairi si langu, Ustadh. Nilimsifia mwenye nalo. Akasema lako hilo. Nikasema asante."

Mnong'ono ukapita ukumbini.

"Alisema asante?"

"Mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza," nikakiri.

Bwana Vahdati akafunika uso kwa kiganja. "Kumuua mama yake ni utoto," mwenye duka la dawa akamwambia jirani yake. "Lakini kupokea mara ya kwanza?"

"Na ubeti wa kunazi niliutoa makusudi," nikaendelea, kwa sababu nilipoanza nilikuta siwezi kusimama. "Niliambiwa nisiuache. Niliambiwa niusome taratibu. Niliogopa ukiusikia utajua si wangu. Ulipoukamata nikasema msafiri ni mimi, ili nisifukuzwe. Msafiri si mimi, Ustadh. Ni wewe. Zilishonwa baada ya wewe kupanda basi, kila kipupwe, upande wako. Kila masika zilikutwa."

"Zilikutwa na nani?"

Sikumtaja. Hapakuwa na haja. Kila uso ukumbini ulikuwa umeshageukia kiti kimoja, isipokuwa wa Ustadh Nezam. Yeye alibaki akinitazama mimi, kama mtu anayeogopa kutazama kwingine mapema. Koti lilimteleza begani, likaanguka karibu na samawari, na hakuna aliyethubutu kuliokota.

"Rudia ubeti ule," akasema.

Nikajikohoza. "Kunazi za..."

"Si wewe."